Mzee aliyeenda manamba na risiti za kodi za Bibi Mkubwa

Kama asili yenu ni Songea, Mbinga, Njombe au kule Kigoma, basi kwenye ukoo wenu kuna mzee ambaye ukiuliza habari zake unaambiwa tu "huyo alienda manamba", yaani kibarua wa mashamba ya mkonge, na stori inaishia hapo. Kwetu sisi ni baba yake babu. Nimekua nikisikia kwamba alienda Tanga kukata mkonge, akamwacha mke na watoto, akarudi kazeeka hana hata baiskeli, na mpaka leo kijana wa ukoo akikaa mjini miezi mitatu hajatuma kitu nyumbani anaambiwa keshaanza tabia za yule mzee. Ndo historia yake yote hiyo jamani, mtu kaishi miaka sabini na kitu kabakiza sentensi mbili, na ya pili ni ya kumsema.

Hapa nitamwita Mzee tu, na mke wake Bibi Mkubwa kama tunavyomwita nyumbani. Majina siweki manake ndugu zangu wengine watanijia juu.

Makaratasi ya Mzee yalikuwa kwa shangazi, kijijini karibu na Peramiho, siku zote, wala hakuna aliyeyaficha, ila nani alikuwa na shida nayo? Nilivyomwambia nataka kuyaona akashangaa, "ya kodi? Unayataka ya nini wakati kodi yenyewe ilishafutwa?" Akaingia ndani akatoka na furushi limefungwa kwa kipande cha khanga kilichopauka hata maandishi hayasomeki. Vikaratasi vidogo vidogo, vimekuwa vya kahawia, na vinanuka moshi mpaka leo kwa sababu Bibi Mkubwa miaka yote alikuwa anaviweka darini juu ya moto wa jikoni. Hicho ndo kilichoviokoa, mchwa hawapendi moshi. Upande mwingine wa ukoo vyeti vyao viliwekwa kwenye kabati zuri la mbao sebuleni, likaliwa kuanzia chini mpaka kwenye cheti cha ndoa.

Sasa chukua risiti moja uiangalie vizuri. Juu imechapwa Kiingereza cha serikali ya Tanganyika, namba ya risiti, halafu karani kajaza kwa mkono jina la mlipaji, jina la jumbe wake (mkuu wa kijiji wa enzi za ukoloni), mwaka wa kodi, kiasi, kapiga muhuri. Jina la Mzee limeandikwa kila mwaka kivyake, mwaka huu kuna "h" mwaka ujao haipo, mara jina la baba yake limekuwa la kwanza, inategemea karani alikuwa mtu wa wapi na siku hiyo aliamkaje. Kwa hiyo ukitafuta mtu kwenye karatasi za zamani usishikilie tahajia, shikilia jumbe na kijiji, hivyo havibadiliki ovyo. Ila kilichonishika mimi kilikuwa nyuma. Nyuma ya risiti nyingi kuna mistari midogo ya penseli, minne, sita, mingine mitatu. Nikamuuliza shangazi hii nini, akasema hayo ni madebe ya mahindi na pombe ya ulezi aliyouza bibi kupata hiyo hela. Bibi Mkubwa hakuwahi kukanyaga shule, kusoma alikuwa hajui, lakini hesabu yake aliiweka hapo hapo nyuma ya hesabu ya serikali.

Kwa wasiojua hii kodi ilikuwaje: Wajerumani walianza kodi ya nyumba 1898, rupia tatu, Waingereza wakaja na sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa ya 1922, na haikuwa habari ya mapato tu. Kodi ililipwa kwa hela taslimu, na Songea ya wakati ule hela ungeitoa wapi, reli hakuna, pwani mbali, zao la biashara ndo kwanza tumbaku inaanza kushika miaka ya 30. Ukitaka hela unatoka. Serikali ilijua na wenye mashamba ya mkonge walijua, Songea ikawa ni sehemu ya kuvuna vijana. Ukishindwa kabisa kulipa kulikuwa na utaratibu wa kupelekwa kufanya kazi za barabara badala ya hela. Ndo maana risiti ilikuwa kitu cha kutunza kuliko nguo, mjumbe wa jumbe akipita huna karatasi, umelipa hujalipa hajui, anachojua ni karatasi. Kodi ya kichwa ilifutwa 1969, ikarudi miaka ya 80 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena 2003. Bibi Mkubwa alikufa kabla ya hiyo kodi ya pili lakini risiti za ile ya kwanza hakuzitupa, shangazi anasema alikuwa anawaambia wanawe "hawa watu wanarudi". Na kweli walirudi.

Baada ya risiti nikaenda parokiani, na hapa wenye asili ya Ruvuma tuna bahati kidogo. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wamekuwa Peramiho tangu 1898, misheni ikachomwa 1905 wakati wa Majimaji, wakajenga upya, Wajerumani wakaondolewa na Waingereza baada ya Vita vya Kwanza, baadaye wakaja Waswisi, wakarudi na Wajerumani, na katikati ya purukushani zote hizo vitabu vya ubatizo viliendelea kuandikwa. Ndo maana wazee wetu kule wana majina ya watakatifu wa Kijerumani ambayo ukimtajia Mtanzania wa Mwanza anadhani unamtania. Paroko alikuwa muungwana, nilikuwa na barua ya mwenyekiti wa jumuiya na mwaka wa kukisia, akasema kaa hapa, kitabu hakitoki humu ofisini, picha piga bila flashi.

Mzee kabatizwa mwaka 1926, mtu mzima. Mstari wake ni kwa Kilatini, mwandiko mwembamba umelala upande wa kulia: namba, tarehe, jina, umri "circa" miaka 20, jina la baba na kwamba alikuwa hajabatizwa, jina la mama, kijiji, msimamizi. Rudia hapo kwenye jina la mama. Hakuna mtu hai kwenye ukoo wetu aliyekuwa analijua. Baba hajui, babu alikufa hajawahi kulitaja, shangazi ambaye anajua mpaka ng'ombe wa jirani alikufa mwaka gani naye hajui. Karatasi za serikali nilizoziona zote hazina jina la mama hata moja, serikali ilimtaka mwenye nyumba tu, padri ndo alihitaji kujua huyu ni mtoto wa nani na nani asije akafungisha ndoa ya ndugu. Nilimpigia shangazi palepale nje ya ofisi nikamtajia, akanyamaza, halafu akasema basi ndo maana dada yake marehemu aliitwa hivyo, na wao walikuwa wanadhani ni jina la jirani.

Na kuna kitu kwenye vitabu vya Wakatoliki watu wengi hawakijui. Kwenye kitabu cha ubatizo kuna pembeni, pale paroko anatakiwa kuandika kipaimara na ndoa ya huyo mtu, hata kama ndoa imefungwa parokia nyingine, maana parokia iliyofungisha inatakiwa itume taarifa kule alikobatizwa. Kwa hiyo ule mstari mmoja unaweza kukuambia mtu alienda wapi miaka ishirini baadaye. Pembeni kwa Mzee kuna kipaimara, kuna ndoa na Bibi Mkubwa 1931, basi. Nimeangalia mpaka macho yakauma. Sasa sisi nyumbani tuna tetesi za muda mrefu kwamba Mzee alioa Tanga, na hapo wajomba walifurahi sana nilivyowaambia hakuna kitu. Mimi nikawaambia tulieni, hii inathibitisha tu kwamba hakufunga ndoa ya kanisa, na asingeweza, alikuwa na mke tayari. Ya kambini hayaandikwi na padri.

Umri nao ni kichekesho. Nyumbani wanasema alizaliwa "mwaka walionyongwa wazee", na hiyo kwa mtu wa Songea haihitaji maelezo, ni 1906, Nkosi (chifu wa Wangoni) Mputa Gama na wenzake walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari kwa sababu ya Majimaji na mpaka leo tunakusanyika Makumbusho ya Majimaji kila mwaka tarehe hiyo. Kitabu cha padri kinakubaliana, miaka 20 mwaka 1926. Halafu unakuja kwenye karatasi za mkonge, mwaka 1947, Mzee ana miaka 32! Alipunguza umri kama wachezaji wetu wa timu ya vijana. Alikuwa anagonga 41 na wapokea manamba walitaka watu wenye nguvu, daktari wa kambi anakuangalia kifua na miguu, sasa ungeandikisha 41 ili iweje.

Tukifika kwenye mkonge. Huu mmea si wetu, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf 1893 kutoka Florida, miche elfu moja, ikafika hai 62 tu ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hiyo 62 Tanga yote ikageuka mashamba. Vita vya Pili vilipokuja, Japani akaikamata Ufilipino, kulikotoka nyuzi za kamba, 1942, kamba za majeshi zikawa shida dunia nzima na mkonge wa Tanganyika ukawa dhahabu. Watu wa Songea walikuwa wanaenda tangu zamani, kwa miguu, wiki nyingi njiani, wengine hawakufika. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda shirika lao la kuandikisha wafanyakazi, SILABU, likawa linaleta malori na lina kambi za kulala njiani, unaandikishwa kwenu, unapewa namba yako, unaenda. Kutoka Songea mpaka Korogwe ni karibu kilomita 1,000 kwa barabara za leo za lami, wewe fikiria za kipindi kile na lori la mizigo.

Kwenye furushi kuna kipande chake kimoja. Kadi ngumu, imekunjwa mara mbili, pembe zimeliwa. Ina vyumba 30, kila siku ukimaliza kazi uliyopangiwa karani anasaini chumba kimoja, na ukishajaza 30 ndo unalipwa mshahara wa mwezi. Ila mwezi wenyewe si wa kalenda, ulikuwa na siku 42 za kujaza hivyo vyumba 30. Hukumaliza kazi ya siku, hamna saini, siku imepotea. Juu ya kadi namba ya Mzee imeandikwa kubwa, jina lake liko chini kwa herufi ndogo, lina makosa. Na kipande hiki hakijajaa. Saini zinaenda vizuri mpaka chumba cha 18, baada ya hapo tupu. Nikamwonyesha shangazi, akakiangalia muda halafu akasema "labda ndo kidole". Kidole gani? Eti Mzee alirudi hana kidole cha shahada mkono wa kushoto, na watoto aliwaambia kililiwa na korona. (Watu wa Tanga watanielewa, vijana wengine tulieni, korona ni mashine ya kusaga majani ya mkonge, ilikuwepo kabla ya huo ugonjwa wenu.) Miaka yote nasikia habari za mzee aliyetelekeza familia hakuna aliyewahi kunitajia kidole.

Halafu ndo nikafika kwenye risiti mbili ambazo kwangu zina uzito kuliko vingine vyote. Nilikuwa nazipanga sakafuni mwaka kwa mwaka, nikakuta 1947 ziko mbili. Nikadhani nimesoma vibaya. 1948 nazo mbili. Moja muhuri wa Songea, nyingine muhuri wa Korogwe. Jina ni lilelile (kwa tahajia tofauti bila shaka), na ile ya Korogwe karani kaandika chini kwamba mlipaji ni mtu wa Songea na jumbe wake fulani. Maana yake Mzee alilipa kodi kule alikokuwa anafanya kazi, kama inavyotakiwa, akapewa karatasi, akaiweka mfukoni. Huku nyumbani jumbe anapita anamuuliza Bibi Mkubwa karatasi iko wapi, karatasi iko kilomita 1,000 mfukoni kwa mtu. Akalipa tena. Mwaka uliofuata akalipa tena. Kichwa kimoja kodi mbili, na serikali ni ileile.

Nyuma ya ile ya Songea ya 1948 kuna mistari tisa. Ndo mingi kuliko zote.

Mwaka 1949 iko moja, ya Korogwe, na hakuna ya Songea. Nilikaa na hilo muda. Shangazi ndo aliyelimaliza, akasema hiyo atakuwa aliituma, kulikuwa na mtu wa kijiji cha pili alirudi akaleta hela na barua na bibi alikuwa anasimulia kwamba mwaka huo jumbe alifika akamtolea karatasi mbele za watu. Kwa hiyo wale wawili walishajua mchezo, ikabidi karatasi isafiri ndo mahindi yabaki. Sasa huyo ni mtu aliyetelekeza mke? Mtu aliyetelekeza mke anatuma risiti ya kodi?

Nilivyoanza kumtetea hivyo mbele ya ndugu, shangazi akanikata. "Risiti hailishi mtoto." Na ana haki yake, maana baada ya 1949 kuna pengo la miaka minne mizima hakuna karatasi ya Korogwe, hakuna barua anayoikumbuka mtu, kuna za Songea tu, kila mwaka, na mistari nyuma. Baba yake shangazi, yaani babu yangu, aliacha shule kipindi hicho hicho akaenda kuchoma tumbaku kwa watu. Hilo siwezi kulifuta kwa karatasi mbili. Mzee anaonekana tena 1954, risiti ya Songea, na safari hii nyuma hakuna mistari. Alilipa mwenyewe.

Ukiangalia sana hizi tunazoziita karatasi za Mzee utaona karibu zote ni kazi ya Bibi Mkubwa. Nyumba ilikuwa anakaa yeye, kodi ya hiyo nyumba aliilipa yeye, karatasi kazitunza yeye, jina linaloandikwa ni la mtu ambaye yuko Tanga. Yeye mwenyewe nimemwona kwenye maandishi mara chache sana, ubatizo, ndoa, ubatizo wa watoto wake kama mama, na kitabu cha wafu. Picha hana. Kuna siku nilijaribu kumtafuta kwenye nyaraka za serikali, nikaenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga kusoma kitabu cha wilaya ya Songea cha wakati wa Waingereza, kuna habari za machifu, majumbe, makusanyo ya kodi, migogoro ya mipaka. Jumbe wetu yumo. Hela ya Bibi Mkubwa nayo imo kwa namna yake, ndani ya jumla ya wilaya.

Kwa wanaotaka kuanza, machache niliyoona yanasaidia. Anzeni na wazee walio hai, tena wanawake, wanaume watawapa ukoo na mipaka ya shamba, wanawake watawapa nani alikufa kwa nini na nani alikuwa mtoto wa nani kikweli. Msiulize mwaka, ulizeni kulikuwa na nini: nzige, homa kubwa ya 1918 baada ya vita vya Wajerumani, mwaka wa uhuru, mwaka tuliohamishiwa vijijini. Karatasi za zamani msizipeleke kulaminishwa, ule moto unaua wino na karatasi haitoki tena humo, pigeni picha kwenye mwanga wa dirishani mbele na nyuma. Nyuma hasa, msisahau. Na ukienda ofisi yoyote beba muda, mimi kuna ofisi moja niliambiwa vitabu viliungua, nilivyorudi kwa mtu mwingine ofisi ile ile akavitoa kabatini.

Kinachofuata ni Korogwe. Mashamba yalitaifishwa mengi 1967, yakaja kubadilisha wenyewe tena na tena, kwa hiyo daftari za wafanyakazi wa 1947 sizitegemei sana, ninachotaka ni vitabu vya ubatizo vya parokia za huko kuanzia 1949 hadi 1954, nione kama kuna mtoto aliyeandikwa baba yake ni mtu wa Songea. Wajomba hawataki niende. Shangazi anataka, tena anataka tuende wote, nauli juu yangu, ila kasema mpaka avune mahindi. Na kama kwenu ni Korogwe au Muheza, na bibi yenu aliwahi kuwasimulia habari za Mngoni mkata mkonge asiye na kidole cha shahada mkono wa kushoto, naomba unitafute kabla sijaja kubisha hodi.